Uchungu wa Macha

Ilikuwa zamu ya usiku leba, huku Ireland, mama njia imeshafunguka sentimita saba na mumewe, jibaba la miraba minne, kashikilia kitanda kama abiria wa daladala lenye breki mbovu, mara pu, kaanguka chini. Tukamwinua, tukamkalisha, nikampa maji. Mkunga mwenzangu, mtu mzima, mzaliwa wa Armagh, mama ambaye kazalisha mpaka watoto wa watoto aliowazalisha, akacheka taratibu akasema mwacheni jamani huyu hana kosa, hiyo ni laana ya Macha. Wenyeji wote wakacheka, hata mwenye uchungu wake kitandani alicheka, mimi tu ndo nimebaki natoa macho. Nikauliza Macha ndo nani? Akanambia tumalize kazi kwanza.

Kulipokucha tuko kwenye chai akanihadithia, na mi tangu asubuhi ile sikutulia mpaka nimepanda basi kwenda kupaona.

Sasa tuelewane, mi sio mtu wa magofu. Nimekulia Tanga, shule walitupeleka Tongoni kuona msikiti wa kale na makaburi, nikatafuta kivuli nikala ubuyu wangu mpaka mwalimu alipoita turudi. Ukinihadithia wafalme na majumba yao ntakusikiliza kwa adabu huku nawaza nguo nilizoanika. Lakini ukiniambia kuna kilima ambacho mwanamke mwenye mimba ya mapacha alilazimishwa kushindana mbio na farasi wa mfalme, hapo umenipata.

Kilima chenyewe kinaitwa Emain Macha, wazungu wa leo wanaita Navan Fort, kiko Ireland Kaskazini, kilomita kama tatu hivi magharibi ya mji wa Armagh. Angalizo, kuna mji mwingine unaitwa Navan, uko kule Meath katika Jamhuri, huo hauhusiani, na mi simu yangu ilikuwa imeshanipangia safari ya huko, bahati nzuri nilishtuka kabla sijalipa nauli. Huyo Navan wa Meath yuko karibu na Tara, ambako ndo kila mtalii anakimbilia akitaka kuona wafalme wa kale. Zamani kila jimbo la Ireland lilikuwa na mahali pake pa ufalme: Tara, Cruachan ya Connacht, Dún Ailinne ya Leinster, Cashel ya Munster, na huku kaskazini, Ulster, ilikuwa Emain Macha.

Hadithi sasa, nikupe kama nilivyopewa, na baadaye nikaenda kuisoma vizuri.

Palikuwa na mtu anaitwa Crunnchu, tajiri wa mifugo, anaishi milimani na wanawe, mke kafariki. Siku moja kakaa peke yake ndani, akaingia mwanamke mzuri hajawahi kumwona, hakubisha hodi wala hakujitambulisha, akapitiliza akaanza kazi za nyumba kama vile alizaliwa humo, akapika, akatuma watu wakakamue ng'ombe, na usiku ulipoingia akageuka kwa upande wa kulia, maana kwa wale watu kuzunguka kwa kulia ni kuita heri, halafu akaenda kulala na mwenye nyumba. Basi, ndoa imeshapita. Na mali ikazidi, ng'ombe wakazaa, ghala likajaa, nguo nzuri hazikukatika.

Mtu yeyote wa Pwani akifika hapa anajua kinachoendelea. Jamaa kaoa jini. Na anajua pia kwamba jini akikubali kukaa na wewe lazima kuna sharti, na sharti lenyewe siku zote ni dogo kuliko maelezo, na siku zote mwanaume anashindwa. Sharti la huyu lilikuwa: usinitaje mbele za watu. Siku ya maonyesho makubwa ya Ulster, ambako kila mtu anakwenda na nguo zake bora na kuna mashindano ya farasi, mkewe tumbo limeshafika miezi, akamwambia mume wangu nenda lakini chunga mdomo. Akasema nitauchunga. Farasi wa mfalme wakashinda kila mbio, watu wanashangilia hakuna kama hawa duniani, na Crunnchu (sijui ni kinywaji, sijui ni ule ugonjwa wa wanaume kwenye mikusanyiko) akasema eti mke wangu anawashinda hao.

Mfalme akasema mkamateni, mke aletwe, asipokuja huyu anakufa.

Mjumbe akafika. Macha akamwambia mimi nina mimba, uchungu umeshanianza. Mjumbe akasema basi mumeo atauawa. Akaenda. Akasimama mbele ya umati ule na tumbo lake akawaomba, nisubirini nijifungue kwanza, kila mmoja wenu hapa kazaliwa na mama. Hakuna aliyemsikiliza. Akamgeukia mfalme mwenyewe, akasema nipe muda kidogo tu. Mfalme akasema hapana.

Akakimbia. Akawashinda farasi, na alipofika mwisho wa uwanja akapiga ukelele, akajifungua mapacha palepale, mvulana na msichana, mbele ya magari ya farasi. Wanaume wote waliosikia ule ukelele wakaishiwa nguvu, wakawa dhaifu kama mwanamke aliyetoka kuzaa, na Macha akawaambia hivi mlivyo sasa ndivyo mtakavyokuwa kila mara adui atakapowazidi, siku tano na usiku nne (nakala nyingine zinageuza, usiku tano na siku nne), na watoto wenu, na watoto wa watoto wenu, mpaka vizazi tisa.

Kiairishi cha kale laana hiyo inaitwa ces noínden na maprofesa wamebishana weee kuhusu hilo neno la pili lina maana gani, wengine wanasema hadithi nzima ni kivuli cha tambiko fulani la kale ambalo watu walishalisahau. Sawa, wabishane. Ila mi nilipokuwa naisoma kwa Kiingereza nilikuwa natafsiri kichwani, na nikagundua Kiswahili kinaisema vizuri zaidi kuliko walivyoiandika. Mwanamke leba ana uchungu. Mwarobaini una uchungu. Na mtu aliyefanyiwa jambo baya mbele za watu, asilipwe, asiombwe radhi, akakaa nalo moyoni mpaka nywele zikageuka nyeupe, naye tunasema ana uchungu. Macha hakuwapa wale wanaume maumivu ya kuzaa peke yake. Aliwapa uchungu, wote, kwa pamoja, neno zima.

Na ndo ilivyokuwa, Malkia Medb wa Connacht alipokuja na jeshi kumfuata yule fahali wa kahawia wa Cooley (chanzo cha vita yeye na mumewe wamekaa kitandani wanahesabiana nani ana mali zaidi, wakakuta wamelingana kila kitu ila mume ana fahali mmoja mwenye pembe nyeupe, nyie mnacheka lakini mimi nimeona ndoa zikivunjika kwa sofa), wanaume wa Ulster wote wamelala hoi wanajikunja. Kabakia kijana mmoja wa miaka kumi na saba, Cú Chulainn, ambaye laana haikumgusa, akalizuia jeshi peke yake kwenye vivuko vya mito, mtu mmoja mmoja. Waairishi wanamjua huyu kijana kama sisi tunavyomjua Sungura, sanamu yake iko Dublin mpaka ndani ya jengo la posta kuu. Lakini sababu ya yeye kuwa peke yake ni mwanamke aliyeomba dakika chache akanyimwa, na hiyo sehemu watu wanaipita haraka haraka wakimbilie mapanga.

Nilifika Armagh mvua inanyesha ile ya huku, ambayo hainyeshi wala haiachi. Nikatembea kutoka mjini, uamuzi ambao viatu vyangu havitausahau. Ukifika unaona kilima cha majani, cha kawaida, na juu yake tuta la duara. Ndo hivyo. Hamna ukuta, hamna mnara, hamna hata jiwe la kupigia picha. Kuna mzee anatembeza mbwa. Nilimpigia mama video kumwonyesha akaniuliza hilo kaburi la nani.

Swali zuri tu, kuliko alivyojua.

Kwanza hilo jina la Kiingereza linadanganya, linasema ngome, na hii haikuwa ngome. Kuna boma la duara, upana wake karibu mita 250, tuta na handaki vinazunguka kilima chote, lakini handaki liko upande wa ndani na tuta liko nje. Fikiria kidogo. Ukijenga ngome unachimba handaki nje ili adui atumbukie kabla hajafika kwenye tuta lako. Hapa adui akija yeye ndo anakaa juu ya tuta, amejinyoosha, anakuchungulia wewe uliyeko chini. Kwa hiyo waliochimba hawakuwa wanamzuia mtu asiingie. Walikuwa wanatenga, huku ni huku na kule ni kule, kama unavyovua viatu mlangoni.

Ndani ya duara kuna vitu viwili, kimoja ni alama ya mviringo ambayo kwa macho yangu ilikuwa nyasi na nyasi zaidi, kingine ni kichuguu kikubwa, urefu kama mita sita, upana kama hamsini. Nilipanda hicho. Ukisimama juu unauona mji wa Armagh na makanisa yake makuu mawili juu ya vilima viwili, la Kikatoliki na la Kianglikana, yote mawili yanaitwa Mtakatifu Patrick, maana huku wanagombania hata mtakatifu ni wa nani. Armagh yenyewe maana yake ni kilele cha Macha. Yaani mji mtakatifu kuliko yote Ireland, makao ya maaskofu wakuu, unabeba jina la yule mama.

Sasa kilichomo ndani ya kichuguu ndo kilinifanya nikae pale mvuani karibu saa nzima.

Mwanaakiolojia Dudley Waterman alichimba pale kuanzia 1961 mpaka 1971. Akafariki 1979 hajachapisha matokeo, kazi ikamaliziwa na Chris Lynn, kitabu kikatoka 1997, miaka 26 baada ya koleo la mwisho, kwa hiyo wewe mwenye tasnifu usikate tamaa. Alichokikuta kwa chini ni nyumba za miti za duara, nyumba kubwa imeungana na uwanja wa duara kama namba nane, zikijengwa na kubomoka na kujengwa tena palepale, mara nyingi, kizazi baada ya kizazi. Na katika tabaka la nyumba hizo wakaokota fuvu la kima.

Soma tena. Kima. Ireland.

Ni yule kima asiye na mkia anayeishi milimani Morocco na Algeria. Wamepima umri wa fuvu, ni kati ya mwaka 390 na 20 kabla ya Kristo. Maana yake kuna mnyama aliyezaliwa Afrika Kaskazini akasafirishwa, mzima au kichwa tu haijulikani ila mi moyoni naamini alikuwa mzima, akavuka bahari kutoka mkono kwa mkono, mpaka kwenye kilima hiki cha mvua, kuwa zawadi ya mtu mkubwa. Waafrika wengi tuliopo huku tunadhani sisi ndo wa kwanza kuletwa na kazi halafu tukashangaa baridi. Kuna mwenzetu alitangulia zaidi ya miaka elfu mbili. Nilipomwambia mama alisema masikini, alikula nini?

Halafu ikaja siku wakaacha kujenga nyumba za kawaida, wakajenga kitu kingine. Jengo la duara upana wa mita 40, ndani nguzo za mwaloni zaidi ya 250 zimepangwa duara ndani ya duara, na katikati nguzo moja kubwa kuliko zote, nzito kiasi kwamba walichimba mteremko maalum wa kuiteremshia shimoni. Kitako cha nguzo hiyo kilibaki ardhini kwenye unyevu hakikuoza, na wataalamu wa Belfast wakahesabu pete zake za miaka, wakapata mti ulikatwa mwishoni mwa mwaka 95 au mwanzoni mwa 94 kabla ya Kristo. Sio "karibu na karne fulani". Mwaka. Mtu alisimama na shoka kwenye msitu wa Ulster majira yale ya baridi na sisi tunajua ni majira gani. Miye hata tarehe ya kuzaliwa ya bibi yangu tunasema alizaliwa wakati wa nzige.

Ungedhani jengo kama hilo watakaa humo. Hakuna dalili ya mtu kuishi, hamna jiko, hamna mifupa ya chakula. Walichofanya ni kulijaza mawe. Mawe ya chokaa, maelfu, wakayapanga ndani jengo likiwa bado limesimama, nguzo zimetokeza katikati ya mawe, mpaka rundo limefika karibu mita tatu, na ukiliangalia kwa juu mawe yamepangwa kwa mafungu kama vijiti vya gurudumu la baiskeli. Wakaizungushia kuni kwa nje. Wakalichoma moto. Kwa makusudi, jengo zima. Halafu wakabeba udongo na vipande vya ardhi yenye nyasi kutoka sehemu mbalimbali wakafunika kila kitu, na ndo hicho kichuguu nilichokuwa nimekaa juu yake nakula sandwichi ya mayai.

Wengine wanasema ile nguzo ya kati ilikuwa mti wa kuunganisha mbingu na ardhi, wengine wanasema jengo lilitolewa sadaka kwa ulimwengu wa chini, nyumba wakajengewa wasioonekana kisha ikatumwa kwao kwa moto. Mi nakwambia nilichowaza kama mtu aliyeosha maiti za kwao: vile vitendo vina mpangilio wa mazishi. Unaandaa, unaweka ndani, unafunika, na kila mtu analeta udongo wake mkononi. Kwa hiyo mama alivyouliza kaburi la nani hakukosea, ila hakuna mtu ndani. Walizika nyumba.

Kuna Macha mwingine pia, maana kwenye masimulizi wako watatu na wanaingiliana, na huyu wa pili ni kiboko. Macha wa nywele nyekundu. Wafalme watatu walikuwa wanatawala kwa zamu, kila mmoja miaka saba, baba yake mmojawapo, baba akafa maji, zamu ya ukoo wao ilipofika binti akasema ni yangu. Wale wawili wakasema hatumpi mwanamke ufalme. Akawapiga vita akashinda. Miaka saba ikaisha, mmoja wao alishakufa kaacha wana watano, wana hao wakaja wakasema haya rudisha, zamu yetu, akasema nyie mlinipa kwa zamu? Nilichukua kwa vita, siyo kwa zamu. Akawapiga nao, wakakimbilia msitu wa Connacht, na yule mfalme aliyebaki akamwoa ili yaishe. Macha akawafuata wale watano peke yake, kajipaka unga wa rai na udongo mwekundu aonekane ana ukoma, akawakuta wanachoma nguruwe mwitu. Mmoja akasema huyu bibi ana macho mazuri bwana, akaondoka naye kichakani. Macha akamfunga kamba. Akarudi, wenzake wakauliza yuko wapi, akasema anaona aibu kurudi kwenu baada ya kulala na mkoma. Hawakukoma, wote watano wakaenda mmoja mmoja, wote watano wakafungwa, akawaburuta mpaka Ulster. Watu wakasema wauawe, akasema hapana, kuwaua kutaharibu haki ya utawala wangu, watanichimbia boma. Akachomoa pini ya joho lake shingoni akachora mzunguko ardhini, chimbeni hapa.

Ndo maana jina Emain lina maelezo mawili, kuna wanaosema ni mapacha wa Macha na kuna wanaosema ni pini ya shingo ya Macha. Watawa waliokuwa wanayaandika haya kwenye ngozi, miswada mikubwa iliyobaki ni ya karne ya 12 hivi, waliweka maelezo yote mawili bila kuchagua. Nawapenda kwa hilo. Ila walikuwa na vituko vyao, huyo mfalme wa mashindano ya farasi, Conchobar, wamemfanya aishi wakati mmoja na Yesu, wakasema alikuwa na risasi ya ubongo wa adui imekwama kichwani miaka saba, daktari kamkataza hasira, na siku alipoambiwa Yesu kasulubiwa alikasirika mno risasi ikachomoka akafa. Risasi ya ubongo, ndiyo, ubongo uliochanganywa na chokaa ukaachwa ukakauka. Sijatunga.

Na huyo Conchobar ufalme wenyewe aliupata kwa ujanja wa mama. Mfalme alikuwa Fergus, akampenda Ness, mjane mwenye kijana. Ness akasema nakubali ila mwanangu atawale mwaka mmoja tu, ili wajukuu wangu waitwe wana wa mfalme. Mwaka mmoja una nini bana, Fergus akakubali. Mama akamfundisha kijana agawe mali, achukue kwa huyu ampe yule, mwaka ulipoisha wakubwa wa Ulster wakasema huyu anatutosha, na isitoshe Fergus kautoa ufalme kama mahari. Fergus alikuja kumwacha Conchobar baadaye, kwa sababu ya mambo ya Deirdre, binti aliyemkimbia Conchobar, na wale ndugu watatu aliotoroka nao waliouawa baada ya kuahidiwa usalama, akaichoma Emain moto akahamia kwa Medb. Ukihesabu, hicho kilima kinachomwa kwenye hadithi zaidi ya mara moja, vitabu vya matukio vinasema hata ndugu watatu walioitwa Colla waliichoma karne ya 4. Watu walisahau nani na lini, hawakusahau moto.

Niliteremka kwenda kuona ziwa, Loughnashade, dogo, limejaa matete. Mwishoni mwa karne ya 18 watu wanachimba pembeni wakatoa tarumbeta nne za shaba na mafuvu ya watu. Tatu zimepotea, moja iko makumbusho ya taifa Dublin, niliiona mwezi uliofuata: imejipinda kama pembe, urefu karibu mita 1.9, bati la shaba limekunjwa na kupigwa ribiti kwa ndani mstari mzima, mamia ya ribiti, kazi safi huoni pa kuingiza ukucha, na mdomoni ina sahani yenye michoro inayojizungusha. Mi mbele ya kioo nilisema kimoyomoyo siwa. Ile siwa ya kule Lamu, inayopigwa mtu mkubwa akitawazwa. Yaani sauti ya kwanza ya mfalme ni ya pembe, kwao na kwetu. Na hawa zao wakazitupa ziwani, makusudi, kama jengo walivyolichoma.

Majina bado yapo kimyakimya. Jirani na kilima kuna kitongoji kinaitwa Creeveroe, hilo ni Tawi Jekundu, jina la nyumba ya mashujaa wa Conchobar, leo ni mashamba na nyumba za watu zenye bustani. Wakubwa waliendelea kuja kilimani hata walipokuwa Wakristo, Brian Boru alipiga kambi hapo 1005 alipokuja Armagh kuweka dhahabu madhabahuni, na 1387 Niall Óg O'Neill alijenga nyumba hapohapo kuwakaribisha wasomi na washairi wa Ireland nzima. Ukitaka kuonekana wewe ndo mkubwa wa Ulster unakwenda kukaa pale, hata kama hapana kitu.

Kisha tukaja sisi wa karne ya 20 na machimbo. Pembeni mwa kilima palifunguliwa machimbo ya chokaa, yakawa yanakula mwamba kuja upande wa boma mwaka baada ya mwaka, wanakijiji na wasomi wakapiga kelele, 1985 ikafanyika baraza la hadhara la uchunguzi, upanuzi ukazuiwa. Mwamba ni uleule wa chokaa. Wenzao walibeba mawe kupandisha kilimani miaka elfu mbili iliyopita, hawa wakawa wanayashusha kwa malori. Kituo cha wageni kikafunguliwa 1993, kikafungwa 2001, kikafunguliwa tena 2005. Na 2020 Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast na wenzao wa Aberdeen walitangaza kwamba vipimo vya chini ya ardhi, bila hata kuchimba, vimeonyesha alama za majengo mengine makubwa ndani ya duara. Kwa hiyo pale kwenye nyasi na nyasi zaidi, nilipopita nikinung'unika viatu vimelowa, huenda chini kuna mabaki ya majengo.

Basi la kurudi lilichelewa dakika arobaini. Nikamrekodia mama hadithi nzima kwa WhatsApp, voisi tano, kuanzia jini kuingia ndani mpaka laana. Nilijua ataniuliza mambo ya mfalme, au atamsema Crunnchu, maana wanaume wanaoropoka anawachukia. Kimya. Tiki za bluu zipo. Basi likaja, nikapanda, nikakaa dirishani, ndo ikaingia.

"Na hao watoto walipona?"

Nakwambia nilikuwa nimesoma ile hadithi mara nne na mimi ni mkunga. Ikabidi nifungue simu nianze kutafuta. Nikaja kukuta, kwenye mashairi ya zamani ya asili za majina ya mahali, wanatajwa: mvulana Fír, yaani Kweli, msichana Fial, yaani Mwenye Haya. Mama yao katika masimulizi hayo alifariki. Habari zao zinaishia hapo.

Nikamwandikia mama majina. Akajibu, "Angalau walipewa majina." Halafu akauliza kama nimekula.